Aliyetangulia kusema akae juu

Mwezi uliopita nilibadili kitu kimoja kwenye tovuti yangu ndogo ya habari za Kigoma: maoni mapya yakae juu, ya zamani yashuke chini. Niliona wenye tovuti kubwa wanafanya hivyo, nami nikaiga. Siku ya tatu mzee mmoja wa Ujiji akanipigia simu.

"Mwanangu, nimefungua nakuta mtu kaandika, 'Mzee unatudanganya.' Nimemdanganya nani?"

Aibu ilinishika. Mzee alikuwa ameeleza migebuka ilivyokuwa ikivuliwa enzi zake, watu wakamuuliza, akawajibu, ndipo mmoja akambishia. Mimi nikautanguliza ubishi. Barazani, anayekuta watu katikati ya mazungumzo huuliza kwanza, "Mmeanzia wapi?"

Natumia WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, ambayo yenyewe huanza na maoni ya zamani juu. Lakini ina mtego: ukiiruhusu igawe maoni kwa kurasa, 50 kila ukurasa, humfungulia msomaji ukurasa wa mwisho kwanza. Itabidi uibadilishe uwe wa kwanza. Majibu nayo hupachikwa chini ya majibu hadi ngazi 5. Kwenye kompyuta sawa. Kwenye simu, jibu la tano linabanwa pembeni, maneno mawili kila mstari, kama utambi. Nimeweka ngazi 2.

Kuna wanaotaka yanayopendwa zaidi yapande juu. Reddit, mtandao wa majadiliano ambako watu hupigia maoni kura, mwaka 2009 walileta hesabu nzuri, inayozuia oni lenye kura moja tu lisiyapite yenye kura nyingi. Kwa umati wa watu wasiojuana, sawa. Kwetu, mwenye wapwa kumi atampita mvuvi kila siku.

Bei ya dagaa ndiyo inayonishinda. Pale mwalo wa Kibirizi bei ya jana haimsaidii mama anayetaka kununua asubuhi hii, kwa hiyo ukurasa wa bei unahitaji maoni mapya juu, wala sibishi. Tatizo, WordPress ina mpangilio mmoja kwa tovuti nzima. Ilibidi kijana wa Mwanga aniandikie mistari michache ya msimbo kwa ukurasa huo pekee. (Malipo alitaka kwa dagaa. Nikampa.)

Kwingine kote nimerudisha ya zamani juu. Jana mzee amemjibu yule mbishi, chini kabisa, pale pale zamu yake ilipofika. Mistari kumi na minne, bila tusi hata moja.