Kila Sarkoma Ichunguzwe Peke Yake

Sarkoma za tishu laini, yaani saratani zinazoanzia kwenye misuli, mafuta, mishipa na tishu nyingine zinazoshikilia mwili, ni takriban asilimia 1 tu ya saratani za watu wazima, ilhali zimegawanyika katika aina zaidi ya 50. Wengi wa wagonjwa ambao ugonjwa wao umesambaa bado huanzishiwa doksorubisini, dawa inayotumika tangu miaka ya 1970. Naamini kwamba fedha za utafiti zingepaswa kuzifikia kwanza maabara zinazochunguza aina moja moja, hata yenye wagonjwa wachache kabisa.

Tuchukue sarkoma ya sinovia, ambayo huwapata zaidi vijana. Ndani ya seli zake kromosomu X na kromosomu ya 18 hubadilishana vipande, jeni mbili zikaungana, na protini inayotokana na muungano huo, SS18-SSX, hujipachika katika kundi la protini linaloamua jeni zipi zifunguliwe na zipi zifungwe. Mwaka 2013 watafiti Cigall Kadoch na Gerald Crabtree walionyesha kwamba protini hiyo humwondoa mahali pake mwanakundi muhimu, SMARCB1, na kwamba ikipunguzwa katika seli za maabara, kundi hujijenga upya kama kawaida. Ugunduzi huo nauthamini kuliko majaribio mengi ya dawa, kwa kuwa uliweka wazi chanzo chenyewe cha ugonjwa.

Katika aina nyingine, sarkoma ya epithelioidi, SMARCB1 hiyohiyo kwa kawaida hupotea kabisa. Kulielewa jambo hilo kulifungua njia ya dawa ya tazemetostati, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020. Uvimbe ulipungua vya kutosha kwa takriban asilimia 15 tu ya wagonjwa waliojaribiwa. Ni wachache, tena inasikitisha, lakini sasa watafiti wana mahali pa kuanzia wanapouliza kwa nini wengine hawakupata nafuu.

Dawa ya olaratumabu ilipita njia nyingine, ya kujaribiwa kwa aina nyingi kwa pamoja. Iliidhinishwa kwa haraka mwaka 2016 kutokana na jaribio la wagonjwa 133 wenye sarkoma za aina mbalimbali, na mwaka 2019 jaribio kubwa zaidi, la wagonjwa 509, likaonyesha kuwa haikurefusha maisha.

Kinachokwamisha kazi hii kila siku ni uhaba wa seli za kuchunguza. Kwa aina nyingi adimu, seli zinazokuzwa maabara ni chache mno, na sampuli zinazohifadhiwa kwenye nta baada ya upasuaji haziwezi kuoteshwa tena. Hospitali zinazopasua sarkoma zingeweza, kwa ridhaa ya mgonjwa, kupeleka kipande kibichi maabara siku ileile.