Protini za MYC, kidonge cha tamoksifeni na kopo la formalini

Tuseme ni mtoto wa miaka sita kutoka Ukerewe. Shavu limevimba upande mmoja, magego yanacheza, na nyumba nzima imeshakubaliana kuwa ni jino. Linang'olewa, shavu linazidi. Mama anaposhuka melini Mwanza na mtoto mgongoni, wiki tatu zimepita. Kama ni limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe nyeupe za damu, hizo ni wiki nyingi mno, kwa sababu uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili.

Kasi hiyo ina chanzo kinachojulikana. Ndani ya seli kuna protini ambazo kazi yake ni kushika DNA na kuamua jeni ipi isomwe, ipi inyamaze. Wataalamu huziita vipengele vya unukuzi. Mimi nitaziita protini-swichi. Mojawapo ni MYC, inayoisukuma seli ikue na kugawanyika. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya 8. Katika Burkitt, mara nyingi kipande cha kromosomu hiyo hukatika na kujiunga na kromosomu ya 14, jirani na jeni za kingamwili, ambazo kwenye seli B, yaani chembe nyeupe zinazotengeneza kingamwili, huwa kazini muda wote. Ni sawa na mtu aliyejiunganishia umeme moja kwa moja kutoka kwenye nguzo: taa haizimiki tena.

Hata hivyo MYC haifanyi kazi hii peke yake. Ikizidi, seli huelekea kujiua, na protini-swichi nyingine, p53, ni miongoni mwa zinazotoa amri hiyo. Saratani hunusurika amri hiyo ikikwama, na ndiyo maana p53 huonekana ina hitilafu katika karibu nusu ya saratani za binadamu. Ukanda wetu wa ziwa unaongeza mawili: malaria, inayochokoza seli B bila kuzipumzisha, na virusi vya Epstein-Barr, vinavyozisaidia zisife.

Haya yana faida gani kwa mama yule wa melini? Kuna wanaojibu: hakuna. MYC haina umbo tulivu wala kishimo ambamo dawa ingejibanza, tena seli zenye afya za utumbo na uboho zinaihitaji. Historia nayo iko upande wao. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza ugonjwa huu mwaka 1958. Katika miaka ya 1960 tayari kulikuwa na watoto wanaopona kwa saiklofosfamaidi, dawa ya kuua seli za saratani. Kilichoipata MYC kilifahamika mwaka 1982. Dawa ilitangulia maelezo, na dawa hiyohiyo kongwe ingali mhimili wa tiba. Kwa mtoto wa Ukerewe, nauli ya meli na tabibu wa zahanati anayeshtuka mapema vina thamani kuliko makala mia za kisayansi.

Kuhusu mtoto, nawaunga mkono bila kusita. Wananipoteza wanaposema kwamba elimu ya protini-swichi ni anasa ya Ulaya na Marekani. Sizungumzii belzutifani, dawa ya saratani iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021 kuzuia protini-swichi iitwayo HIF-2α. Bei yake hatuiwezi. Nazungumzia tamoksifeni, kidonge cha bei nafuu cha saratani ya matiti. Kipokezi cha estrojeni, homoni ya kike, ni protini-swichi pia: homoni ikikishika, kinawasha jeni za ukuaji. Tamoksifeni inawahi kukaa pale ambapo homoni ingekaa. Kwa hiyo dawa ya kuzuia protini-swichi imekuwa kwenye makabati ya hospitali miaka mingi, sema hatukuiita hivyo.

Shida ni kwamba uvimbe usio na kipokezi hausikii tamoksifeni. Ili kujua, kipande cha uvimbe hugandishwa kwenye nta, kikakatwa vipande vyembamba kuliko unywele, kikatiwa rangi. Kipokezi kikiwapo, viini vya seli hugeuka kahawia. Na kipimo hiki huweza kuharibika kabla kipande hakijafika maabara. Muuza sangara yeyote wa Mwaloni, Kirumba, anajua yanayompata samaki aliyekosa barafu. Nyama ya mwili wetu haina tofauti. Ikichelewa kuingia kwenye formalini, dawa ya maji ya kuihifadhi isioze, protini huanza kuharibika, na kipokezi kilichokuwapo kinasomeka hakipo. Miongozo ya kimataifa inataka iingie ndani ya saa moja, ikae humo kati ya saa 6 na 72.

Sasa fikiria kipande kilichokatwa Ijumaa mchana katika hospitali moja ya wilaya ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza. Daraja la Kigongo–Busisi lipo, magari yanapita, lakini kipande kinakaa dirishani bila formalini ya kutosha hadi apatikane mtu wa kukipeleka mjini. Kikifika maabara Jumanne, jibu hasi linatoka, na mwanamke anakosa kidonge ambacho pengine kingemfaa kwa miaka.

Ndipo nisipoelewa kwa nini wanaoisifu elimu hii na wanaoiita anasa wanabishana juu ya MYC. Nikipewa mimi fungu dogo, saiklofosfamaidi ya watoto ingetangulia. Linalobaki ningenunulia makopo yenye mfuniko mzuri na formalini ya kutosha, kisha nimpe muuguzi wa chumba cha upasuaji kalamu isiyofutika, aandike juu ya kopo saa ambayo kipande kimetoka mwilini.