Mianzi sio aina moja jamani

Mwandishi, kwenye makala yako umeandika mianzi ya milima ya Aberdare kule Kenya ndo hiyohiyo wanayogema ulanzi, kile kinywaji cha maji ya mianzi, huku Iringa, hapana aisee. Ile ya milimani, yani Aberdare, Mlima Kenya, Rwenzori mpaka Virunga ambako gorila wanakula machipukizi yake, inapenda baridi, mita 2,400 hivi kwenda juu, shina lina uwazi ndani na mizizi inatambaa chini kwa hiyo mashina yanachomoza yameachana achana mpaka yanafunika mlima. Ya Iringa inaota kichaka, mashina yamebanana, na ukikata panga linagoma maana ukuta wake mnene, mengine yamejaa karibu kabisa, msimu wa mvua chipukizi linakatwa ncha asubuhi na jioni maji yanadondokea kwenye mbeta, yani kile chombo cha mwanzi, huo ndo ulanzi wenyewe. Na Kilimanjaro msiiweke kirahisi kwenye orodha yenu ya milima yenye mianzi, haina ule ukanda mpana wa mianzi kama Mlima Kenya. Halafu picha mliyoweka, ile ya njano yenye michirizi ya kijani, asili yake Asia, inapandwa mahotelini kama urembo, mlimani huikuti. Badilisheni picha basi