Paa la asbesto halina haraka, mwenye haraka ni fundi

Nilikulia kota ya serikali iliyoezekwa yale mabati mazito ya kijivu yenye mawimbi. Tuliyaita mabati, ingawa ni saruji iliyochanganywa na nyuzi za madini yaitwayo asbesto. Kikivunjika kipande tunakitupa motoni, tunakimbia nyuma ya mwembe kusubiri kilie: pa! Vumbi likitua tunarudi kutafuta kingine.

Miaka kadhaa iliyopita familia yetu iliezua paa kama hilo kwenye nyumba ya mzee. Fundi aliyeshinda kwa bei alikuja na nyundo, vijana wawili na barakoa moja ya kitambaa. Nilipomwambia kuwa vumbi lake huweza kuleta saratani alicheka: "Mzee wangu, babu yangu kalala chini ya haya mpaka kazeeka."

Sikatai. Babu alilala chini yake, hakuyapiga nyundo. Paa zima, lisilo na nyufa, nyuzi zake zimeshikwa na saruji. Balaa huanza ukilitoboa, ukilikata kwa msumeno au ukilirusha chini. Nyuzi hizo huzioni kwa macho, zikishaingia mapafuni huweza kubaki humo miaka mingi, na saratani ya utando wa mapafu huweza kungoja miaka 20 hadi 40. Kijana wa miaka 25 atamdai nani akiwa na 60?

Ndiyo maana siungi mkono kelele za "ng'oeni yote kesho". Uingereza ilipiga marufuku asbesto mwaka 1999 na hadi leo majengo yake mengi bado yanayo. Wanayakagua, wanaweka kumbukumbu, wanaondoa palipochakaa. Kenya, kanuni za mwaka 2006 zinaihesabu kuwa taka hatari. Shida yetu ni ile siku ya kuezua.

Kama nyumba yako ni ya zamani na paa ni la namna hiyo, lichukulie kuwa asbesto mpaka maabara ikanushe, maana kwa macho hulijui. Likibidi kutoka, liloweshwe maji, misumari ikatwe, bati lishushwe zima kwa mkono, lifungwe kwenye nailoni nene na kuzikwa dampo lililoruhusiwa. Barakoa iwe ya kuchuja vumbi laini. Ni gharama, najua, sisi tuliikwepa.

Bei ya fundi wetu ilikuwa rahisi kwa sababu vipande alibeba mwenyewe. Juzi nimeviona: vimeezeka banda la kuku, na mtoto alikuwa akichora chini kwa kimoja kilichomeguka.