Pipi ya usingizi

Jirani yangu hapa Ngamiani, Tanga, aliletewa na wifi yake wa Marekani kichupa cha pipi laini za zambarau, zenye umbo la dubu. Maelekezo: mtoto apewe moja baada ya chakula cha usiku, atalala mwenyewe. Mtoto ana miaka 6, na saa tano za usiku bado anaruka kwenye kochi. Mama akaja kuniuliza: nimpe, nisimpe?

Kilichomo ni melatonini, homoni ambayo ubongo huitoa wenyewe giza likiingia. Haimwangushi mtu kama nusu kaputi. Huuarifu mwili kwamba usiku umefika, basi. Na inasaidia, sibishi. Ulaya iliidhinisha mwaka 2018 kidonge cha melatonini kwa watoto wenye usonji, kuanzia miaka 2, pale ambapo kurekebisha taratibu za kulala kumeshindikana. Kabla ya hapo, mwaka 2012, utafiti wa Uingereza kwa watoto 146 wenye matatizo ya ukuaji wa ubongo ulionyesha kwamba waliopewa waliwahi sana kusinzia, ila usingizi wote uliongezeka kwa dakika 22 tu hivi, maana waliwahi pia kuamka. Dakika 22 kwa mama anayekesha na mtoto wa namna hiyo si haba. Anayembeza aende akalale kwake siku tatu.

Ninapokwama ni kwenye kile kichupa. Uingereza, melatonini huipati bila cheti cha daktari. Marekani inapangwa rafuni pamoja na vitamini, wala haikaguliwi kama dawa kabla ya kuuzwa. Mwaka 2023 watafiti walipima aina 25 za pipi hizi huko: 22 hazikuwa na kiasi kilichoandikwa. Moja ilizidisha mara tatu na ushee, nyingine haikuwa na melatonini hata chembe. Halafu utamu wake! Vituo vya kushughulikia sumu vya Marekani viliarifiwa watoto 8,337 waliomeza melatonini mwaka 2012. Mwaka 2021 wakawa 52,563. Wengi hawakudhurika, lakini idadi hiyo inatisha.

Sasa huyu mtoto wetu. Nilipita kwao saa tatu usiku. Balbu nyeupe kali, runinga inapiga katuni ambazo hakuna anayezitazama, na simu ya baba iko mkononi mwa mtoto, karibu iguse pua. Tanga jua huzama kabla ya saa moja mwaka mzima. Giza tumepewa bure, na tunalifukuza. Mwanga ndio unaoizuia melatonini yake isitoke, na macho ya mtoto huathirika nao kuliko yetu. Kumpa ya kichupa huku simu inawaka ni kuteka maji kwa pakacha. Najua, wanaolala familia nzima chumba kimoja, au waliopakana na vigodoro, zile ngoma za mtaani za usiku kucha, wataniona naongea kirahisi. Wana haki.

Nilimwambia ajaribu wiki mbili: simu na runinga zizimwe saa mbili kasoro, ibaki taa ndogo ya uani. Ikishindikana, amwone daktari wa watoto pale hospitali ya Bombo, na kichupa aende nacho.

Wiki ya kwanza ilikuwa vilio mtindo mmoja. Ya pili mtoto akaanza kusinzia saa tatu na nusu. Kichupa kiliwekwa juu ya kabati, ndani ya sufuria lenye mfuniko. Juzi tumekifungua: pipi mbili hazipo, na mama anaapa hajampa.