Wauza mbegu ya BSF, acheni kutuuzia pupa waliokufa

Juzi jirani yangu aliniita nimwangalizie mzigo uliomfikia kwa basi kutoka mkoani. Kindoo cha plastiki, kimejazwa hadi juu pupa wa BSF (black soldier fly, yule nzi mweusi ambaye mabuu yake tunalishia kuku; pupa ni buu aliyejifunga akisubiri kuwa nzi), mfuniko umezungushiwa selotepu, tundu la hewa hakuna hata moja. "Dada, hawa wamelala au wamekufa?"

Nikachota wachache kiganjani. Pupa aliye hai ni mkavu, mgumu, amejaa, rangi imekolea karibu na nyeusi, na hanuki. Wale walikuwa wanabonyea, wengine wanatoka maji ya kahawia, na harufu ni ya mzoga. Wamerundikwa, wamepata joto, wamekosa hewa, basi. Hela ya mayai ya kuku wake ya mwezi mzima imeishia pale. Alipompigia muuzaji, akajibiwa kwamba kosa ni lake, angewaweka kwenye friji mara tu walipofika.

Hilo jibu la friji ndilo lililonikasirisha kuliko kindoo chenyewe.

Najua linakotoka. Ulaya na Marekani kuna watu wanafuga vinyonga, vyura na vunjajungu majumbani, na wananunua funza wa nzi wa nyumbani au wale wakubwa wa bluu. Hao kweli wanavumilia friji. Baridi inawachelewesha, mwenyewe anatoa wachache anaowahitaji, anawaacha kwenye joto la chumba wageuke pupa na kutoka nzi, kinyonga anakula. Lakini huyo ni nzi mwingine. BSF ni mdudu wa joto. Hata hao wafugaji wa vinyonga, wanaompenda BSF kwa wingi wa kalsiamu yake, wanaambiwa wamhifadhi kwenye nyuzijoto 10 hadi 15 hivi, wasimtie friji. Friji ya nyumbani iko kwenye 4 au 5. Mtu anayechukua hela za watu kwa kuuza mbegu anapaswa kulijua hili kabla ya kupokea simu ya kwanza ya mteja.

Kumtunza pupa hakuhitaji mashine. Hataki chakula, ameshaacha kula tangu alipokuwa buu jeusi, tumbo amelisafisha, na mdomo umegeuka ndoano ya kumsaidia kupanda atoke kwenye uchafu atafute pakavu. Mwage kwenye beseni pana, tabaka jembamba, juu ya maranda ya mbao yenye unyevu kidogo sana. Weka kivulini, gizani, panapopita hewa, mbali na sisimizi. Kwa joto la Dar, baada ya wiki moja hadi mbili nzi wanaanza kutoka, na hapo wanahitaji kizimba cha neti kinachopigwa na jua la asubuhi. Bila mwanga wa kutosha hawapandani, na asiyejua hilo atakaa na kizimba kimejaa nzi na asipate yai hata moja. Nzi wenyewe hawahitaji kula, wanataka maji tu ya kunyunyiziwa. Mayai wanayatia kwenye nyufa kavu, katikati ya vipande vya mbao au maboksi yaliyowekwa juu ya kitu kinachonuka. Jike mmoja hutaga mamia kwa mkupuo, na baada ya siku nne hivi yanaanguliwa vijibuu vidogo mno. Hivyo vipe pumba laini iliyolowekwa kwanza. Maganda ya mananasi na ndizi kutoka soko la Mabibo yatafuata baadaye.

Maelezo hayo yanaenea kwenye karatasi moja. Kwa nini hayaambatani na mzigo?

Nakubali, muuzaji hawezi kusafiri na kila kindoo, na kondakta akikipanga karibu na injini hakuna atakalofanya. Nakubali pia kwamba mabuu yakilishwa kupita kiasi yananuka na majirani wana haki ya kulalamika. Lakini kutoboa mfuniko kunahitaji msumari mmoja.

Jambo hili linaniuma kwa sababu kazi yenyewe ni nzuri na wanaoianza wengi ni akina mama wenye kuku hamsini, mia. Dagaa wa kuku wamepanda bei na wanakuja na mchanga. Nairobi, icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, wamemtafiti mdudu huyu kwa miaka, na Kenya iliweka kiwango cha wadudu wakavu kwa chakula cha mifugo mwaka 2017. Huku kwetu mama anapoteza mtaji kwenye hatua ya kwanza, anaondoka akiamini kwamba BSF ni utapeli, na anawaambia wenzake kwenye kikoba. Kumrudisha huyo ni kazi kubwa kuliko kumfundisha vizuri siku ya kwanza.

Kwa hiyo mnunuzi, usitume hela kabla hujaona video ya pupa wakiwa mkononi mwa muuzaji, uliza walianza kugeuka lini, na kama safari ni ya siku mbili dai mabuu machanga ndani ya pumba yao, kwenye chombo chenye matundu. Jirani yangu nimempa mayai ya kuanzia kutoka kwangu. Akishaanguliwa wa kwanza, tutatengeneza neti yake pamoja, na anayeishi karibu akaribie aone.