Ben Boyd: mkataba au utumwa?

Mwaka 2022 serikali ya New South Wales, Australia, iliondoa jina la Ben Boyd, tajiri wa karne ya 19 anayeshutumiwa kuwatumikisha Wapasifiki, yaani watu wa visiwa vya Bahari ya Pasifiki, kwenye hifadhi ya taifa iliyolibeba tangu 1971. Sasa inaitwa Beowa, jina la nyangumi muuaji kwa lugha ya Wathaua, wenyeji wa pwani ile. Wapo walionuna wakidai historia inafutwa, na hoja zao hazistahili kupuuzwa.

Boyd, dalali wa hisa wa London, alitia nanga Sydney 1842 akiwa na fedha za benki aliyoianzisha mwenyewe. Haukupita muda akawa miongoni mwa wafugaji wakubwa kabisa wa koloni, akaingia Baraza la Kutunga Sheria 1844, akajenga mji wake, Boydtown. Wafungwa kutoka Uingereza walikuwa wameacha kuletwa tangu 1840, na kila mwenye kondoo alilia hana wachungaji. Watetezi wake husema aliziba pengo tu: Wapasifiki aliowaleta walikuwa na mikataba, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani.

Haya, tuutazame huo mkataba. Aprili 1847 meli yake iliteremsha Boydtown watu 65 kutoka visiwa vya Tanna na Lifou, huko Pasifiki. Masharti: kazi miaka mitano, shilingi 26 kwa mwaka, ratili kumi za nyama kwa wiki, suruali mbili, mashati mawili na kofia. Karani wa mahakimu wa pale alikataa kuidhinisha karatasi hizo, kwani ilikuwa wazi wahusika hawakuelewa walichokubali. Wengi baadaye waliacha kazi, wakashika njia ya Sydney kwa miguu.

Kinachonishinda kumtetea ni maneno yake mwenyewe. Mwaka 1843, mbele ya kamati ya Baraza, alilalamika kuwa mishahara iko juu, akapendekeza mchungaji alipwe paundi kumi, nyama na unga, bila chai wala sukari. Paundi kumi ni shilingi 200. Yaani hata kwa kipimo chake, kipimo cha bahili, watu wa Tanna hawakufikia robo. Neno “utumwa” wanasheria wanaweza kubishania, lakini mapatano ya hiari hayawi hivyo.

Na kuhusu kufutwa: mnara aliojenga ungali umesimama ndani ya hifadhi hiyo hiyo, jina BOYD limechongwa juu kwenye jiwe. Hakuna aliyeligusa.